Ukishaipata Hatari!, Itafute Blind Date

Mtu wa Arusha anayeanza kukusanya filamu za zamani huanza na Hatari!, na hajakosea. Howard Hawks aliipiga Tanganyika kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi miezi ya mwanzo ya 1961, ikatoka 1962, na Momela ndiyo maskani yake: pale Mlima Meru unapojaza nusu ya mbingu, na siku ikiwa safi Kilimanjaro nayo inajitokeza upande wa pili. Jina lake ni neno letu. John Wayne yumo. Muziki ni wa Henry Mancini, na ile tuni ya mtoto wa tembo wanaijua hata watu ambao hawajawahi kuiona filamu yenyewe. Ninachotaka kushauri hapa ni hatua inayofuata, maana hapo ndipo wengi hupotea njia. Baada ya Hatari! mtu hutafuta filamu nyingine ya simba na magari ya wazi: Mogambo, The Snows of Kilimanjaro, Born Free. Kabati linajaa wanyama na hadithi inabaki ile ile moja. Mimi nasema fedha yako inayofuata itumie kwa filamu ya jinai ya Uingereza, ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyo na swala wala twiga, iliyotoka mwaka 1959 na ambayo wapenzi wengi wa sinema hawajapata kuisikia. Inaitwa Blind Date, na aliyeiongoza ni Joseph Losey.

Uzi unaoziunganisha filamu hizi mbili ni mtu mmoja. Yule Mjerumani wa Hatari! anayeitwa Kurt, dereva katika kikosi cha kukamata wanyama, ni Hardy Krüger. Katika Blind Date yeye ndiye steling. Alizaliwa Berlin mwaka 1928, akasomeshwa katika shule maalumu ya watawala wa Kinazi, akaigiza filamu yake ya kwanza mwaka 1944, na vita vilipokwisha alikuwa kijana wa miaka 17 aliyekwisha kuvalishwa sare ya jeshi lililoshindwa. Mwaka 1957 Waingereza walimwita aigize The One That Got Away, hadithi ya kweli ya rubani Mjerumani aliyetoroka kifungoni. Ilikuwa miaka 12 tu tangu vita viishe, na bado watazamaji wa Uingereza walimpokea. Miaka miwili baadaye ikaja Blind Date, na haikupita miaka miwili mingine akawa Momela na kikosi cha Hawks. John Wayne alimaliza kazi akaenda zake. Krüger alinunua shamba pale pale, akaishi na kupokea wageni kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1970 akachapisha kwa Kijerumani kitabu kuhusu maisha hayo, Eine Farm in Afrika. Alifariki California Januari 2022 akiwa na miaka 93, na loji iliyoko kwenye sehemu ya mashamba yale hadi leo inaitwa Hatari. Kwa historia ya Momela, kwa hiyo, mtu wa kumfuatilia ni Krüger, na filamu inayomwonyesha vizuri kabla hajafika huku ni hii ya jinai.

Hadithi inaanza kwa furaha. Jan Van Rooyer, kijana mchoraji kutoka Uholanzi, anashuka kwenye basi London kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuonana na mpenzi. Ananunua maua. Anaingia kwenye fleti aliyoelekezwa, mlango uko wazi, mwenyewe hayupo. Basi anazunguka, anashika hiki na kile, anaweka santuri, anajilaza kwenye kochi kama mwenye nyumba. Kisha polisi wanaingia. Mwanamke yumo humo humo ndani, ameuawa, na kila alichokigusa kijana kwa furaha dakika chache zilizopita sasa ni ushahidi dhidi yake. Tazama sehemu hiyo mara mbili. Mara ya kwanza unatazama uso wa Krüger. Mara ya pili tazama mikono yake, maana Losey amekuwekea kesi nzima mbele ya macho bila wewe kujua kwamba kuna kesi. Baadaye inajulikana kwamba marehemu, kwa lugha ya mitaani kwetu, alikuwa nyumba ndogo ya mkubwa mmoja serikalini, na ghafla mpelelezi anaanza kusikia kutoka juu kwamba kesi imalizwe haraka, kijana apelekwe mahakamani, na jina la mkubwa lisitajwe. Mwisho wake sitausimulia. Filamu ya jinai iliyofichuliwa ni kama embe lililokwisha kumenywa na mtu mwingine.

Mpelelezi huyo, Inspekta Morgan, anaigizwa na Stanley Baker, mtoto wa mchimba makaa wa Wales aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1928 aliozaliwa Krüger. Wengi wetu tunamjua Baker kwa filamu ya Zulu ya 1964. Mwanamke ni Micheline Presle, Mfaransa. Na mwongozaji mwenyewe ni Mmarekani aliyekimbia kwao: Losey alikuwa ameongoza filamu za jinai Hollywood, zikiwemo The Prowler na M, zote za 1951, mpaka uwindaji wa watu waliotuhumiwa kuwa wakomunisti ukamfungia milango ya kazi. Alikwenda Uingereza, na kwa miaka kadhaa hakuweza hata kutia jina lake kwenye kazi yake. The Sleeping Tiger ya 1954 ilitoka na jina la mtu mwingine, Victor Hanbury. Walioandika Blind Date, Ben Barzman na Millard Lampell, nao walikuwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kwa tuhuma hizo hizo. Hebu fikiria: watu watatu waliofungiwa kazi Marekani kwa tuhuma, Mjerumani mmoja aliyetoka jeshi la upande uliochukiwa, na Mwelshi anayeigiza polisi asiye wa tabaka la wakubwa wake, wote wanatengeneza filamu kuhusu mtu anayeshukiwa kwa sababu ni mgeni na ni rahisi kumshuku. Ukiijua habari hii, maswali ya Morgan kwa yule kijana hayasikiki tena kama mazungumzo ya kituo cha polisi. Yana uchungu wa watu waliokwisha kuulizwa maswali kama hayo wao wenyewe.

Sasa zitazame filamu hizi mbili kwa kufuatana, Blind Date kwanza, Hatari! kesho yake. Lafudhi ya Krüger ni ile ile. London, mtu mwenye lafudhi hiyo anaulizwa pesa kazipata wapi, kamjuaje yule bibi, kaingiaje katika nyumba isiyo ya hadhi yake. Tanganyika, mtu mwenye lafudhi hiyo haulizwi lolote. Anapanda gari, anavuka mbuga, anakamata twiga na kifaru wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama za ng'ambo, jioni anakunywa barazani. Kwa dakika 157 za Hatari! hakuna anayeuliza ardhi ni ya nani wala wanyama ni wa nani. Watanganyika weusi wanapita kando ya picha wakibeba na kusukuma. Sisemi hivi kuibeza Hatari!. Ni filamu yenye ufundi wa hali ya juu, mpigapicha wake Russell Harlan alistahili kuteuliwa kwa tuzo ya Oscar, na matukio ya kukimbizana na wanyama, ambayo waigizaji waliyafanya wenyewe, hadi leo yanakausha koo. Nasema tu kwamba ni filamu isiyouliza, na filamu isiyouliza inahitaji jirani anayeuliza. Blind Date ni maswali matupu tangu dakika ya kumi mpaka ya mwisho. Ukiiweka kando ya Hatari! kwenye rafu, nayo Hatari! inaanza kuulizwa.

Na majibu yako karibu. Novemba 1951, miaka tisa kabla magari ya Hawks hayajafika, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki (Ngarenanyuki), hapo hapo jirani na Momela, ili mashamba yaliyojulikana kwa nambari 31 na 328 wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulisimulia jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, na mwaka 1967 wawili hao wakachapisha Nairobi kitabu chao, The Meru Land Case. Mkusanyaji wa filamu za Momela anakihitaji kitabu hicho kama anavyoihitaji projekta. Kiweke kwenye rafu ile ile. Filamu ya kwanza inakuonyesha mandhari, ya pili inakufundisha kuhoji, na kitabu kinakueleza nani aliondolewa kwenye mandhari hayo kabla kamera haijawashwa.

Najua pingamizi la kwanza litakalokuja: filamu ya Mjerumani anayejifanya Mholanzi jijini London inatuhusu nini sisi, na pesa zenyewe za shida? Swali ni la haki. Lakini tukumbuke sinema iliingiaje kwetu. Waliojaza viti vya Metropole ya Arusha au Majestic ya Zanzibar walitazama picha za Bombay, za Kairo na za Hollywood, na hawakungoja steling awe wa kwao ndipo wamlilie. Baadaye kidogo, kwenye mabanda umiza ya nchi nzima, marehemu Lufufu alikuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zao, mpaka zikawa na utani wetu na methali zetu. Watazamaji wa nchi hii wana desturi ndefu ya kuichukua picha ya mbali na kuiuliza maswali ya nyumbani. Kukusanya ni kuiendeleza desturi hiyo. Hata hivyo kuna mpaka ambao sina budi kuuweka wazi. Ukikutana siku moja na nakala nzima ya filamu yetu ya zamani, Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970, kwa mfano, au Arusi ya Mariamu ya 1985, achana na Blind Date kwa siku hiyo. Ya kwetu kwanza. Blind Date ina watu wa kuilinda huko Ulaya na itaendelea kuwapo mwakani.

Pingamizi la pili linatoka kwa wajuzi: filamu iliyosahaulika mara nyingi imesahaulika kwa sababu haikuwa nzuri. Hapa nakubali nusu. Ufumbuzi wa Blind Date unategemea sadfa ambayo mtazamaji makini ataitilia shaka, na nusu ya pili ina mahali ambapo wahusika wanaeleza kwa maneno yale tuliyokwisha kuyaona kwa macho. Haifikii The Third Man ya 1949, na anayeuza nakala akikuambia inafikia anataka pesa zako. Lakini sababu za kusahaulika kwake nyingi hazihusu ubora. Losey alitengeneza The Servant mwaka 1963, na mwaka 1971 akashinda tuzo kuu ya Cannes kwa The Go-Between. Kazi hizo zikawa kivuli kilichozifunika zile za kwanza. Krüger mwenyewe alijulikana zaidi kwa The Flight of the Phoenix na filamu za vita. Na filamu za jinai za Uingereza za miaka ya 1950 zilizoeleka kuhesabiwa kama bidhaa za wiki moja, za kuonyeshwa na kupisha nyingine. Kwa mkusanyaji, mambo haya matatu ni neema. Kitu kizuri kilichofunikwa na kitu maarufu zaidi hugombaniwa na wachache, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukifikia. Bango halisi la Hatari! utalinyang'anyana na mashabiki wa John Wayne wa dunia nzima. La Blind Date utalinyang'anyana na watu wachache.

Kuna sababu nyingine ya kusahaulika, na hii inatuingiza kwenye mambo ya vitendo: filamu hii ina majina mengi. Uingereza iliitwa Blind Date. Marekani, Paramount iliisambaza mwaka 1960 kama Chance Meeting. Ufaransa iliitwa kwa jina la mpelelezi, L'Enquête de l'inspecteur Morgan. Anayetafuta kwa jina moja tu anapoteza theluthi mbili za soko. Na mtego uko hata ndani ya majina yenyewe. Kuna Blind Date ya 1987 yenye Bruce Willis, kichekesho kisichohusiana kabisa na hii, na kuna Chance Meeting nyingine, ambayo ni jina la Kimarekani la filamu ya Kiingereza ya 1954, The Young Lovers. Wauzaji huzichanganya, wengine bila kujua. Usinunue chochote kabla hujaona majina matatu kwenye kitu hicho hicho: Losey, Krüger, Baker. Kwa vitu vinavyohusu eneo letu, kumbuka pia kutafuta Momella yenye L mbili, maana ndivyo Wazungu walivyoliandika jina hilo kwenye kadi, vipeperushi na vitabu, na sisi tunaoliandika kwa L moja hatuvioni.

Kuhusu nakala ya kutazama, angalia urefu kabla ya bei. Filamu nzima ni ya dakika 95. Ukiona diski ya Ulaya imeandikwa dakika 91, usikimbilie kusema imekatwa. Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, lakini mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Ulaya na hapa kwetu, hupita 25, kwa hiyo filamu ile ile inakwenda kasi kidogo na dakika nne zinapotea njiani pasipo kupotea picha hata moja. Kwa hesabu hiyo hiyo Hatari! ya dakika 157 inaonekana ya 151. Ukiona 95 kwenye diski ya Marekani au kwenye Blu-ray, sawa; ukiona 91 kwenye DVD ya PAL, sawa; ukiona pungufu ya hapo, hapo uliza. Uliza pia diski ni ya kanda gani ya dunia. DVD za kwetu ni kanda ya 5, na nyingi za Marekani ni kanda ya 1. Kwa Blu-ray sisi tuko kundi B pamoja na Ulaya, Wamarekani wako kundi A. Deki inayosoma kanda zote ni uwekezaji wa mara moja unaokuokoa na hasara nyingi ndogo ndogo.

Wapo wanaotaka filamu yenyewe, ya utepe. Nawaheshimu, na nawaonya. Ya milimita 35 mwache aliye na jumba la sinema. Mtu wa nyumbani atafute ya milimita 16. Kwa upana huo dakika moja ni futi 36, kwa hiyo Blind Date nzima ni zaidi kidogo ya mita elfu moja za utepe. Mtu akikuletea rili moja ya futi 400 akisema ni filamu kamili, anakuuzia dakika 11. Usiogope hadithi za filamu zinazolipuka: zile za naitreti ziliachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na utepe wa 1959 una neno SAFETY pembeni. Adui wa utepe huo ni mwingine. Fungua kopo, sogeza pua. Ukisikia harufu ya siki, utepe umeanza kuoza, na uozo huo haurudi nyuma. Unapungua kasi tu kwenye baridi na ukavu. Tena unaambukiza, maana mvuke wake unachochea rili za jirani zioze haraka. Kopo la siki likae peke yake, na kazi ya kulinakili kidijitali isingoje mwaka ujao.

Lakini kwa wengi wetu, utajiri wa filamu hii uko kwenye karatasi: mabango, picha za kadi zilizobandikwa kwenye kumbi za sinema, vijitabu vya matangazo. Hapa mkusanyaji anakuwa Inspekta Morgan kwelikweli. Bango la Kiingereza la enzi hizo ni la kulala, inchi 40 kwa 30, na litasema Blind Date. Bango la kawaida la Kimarekani ni la kusimama, inchi 27 kwa 41, na litasema Chance Meeting. Ukiletewa bango la kusimama lenye jina la Blind Date na kuambiwa ni la Marekani la mwaka ule, kuna jambo halijakaa sawa. Mabango ya Kimarekani ya miaka hiyo kwa kawaida yana nambari ndogo chini pembeni, inayoanza na tarakimu mbili za mwaka na mkwaju: 60 kwa Chance Meeting, 62 kwa Hatari!. Herufi R mbele yake maana yake ni toleo la kurudiwa miaka ya baadaye. Kisha angalia mikunjo. Mabango yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa kama barua, hivyo mstari wa mkunjo ni kovu la heshima. Lile lililonyooka kama limetoka dukani jana ndilo la kutiliwa shaka. Mwisho, azima lenzi ya fundi saa na uisogeze kwenye uso wa mtu mmoja pichani. Uchapaji wa zamani unaonyesha vitone vilivyojipanga kwa mpangilio kama maua madogo. Printa ya kisasa inanyunyiza vitone ovyo. Ukaguzi huo unachukua dakika moja, na ungefaa kufanywa kabla ya kila malipo makubwa.

Ukishakipata kitu chenyewe, kiwe bango au utepe, unakileta katika mazingira magumu. Momela iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye ubavu wa mlima unaovuta mvua na ukungu. Wakati wa masika karatasi inalegea mkononi, kiangazi vumbi la volkano linaingia hata kwenye droo iliyofungwa, na katikati yake wapo mchwa. Arusha mjini nafuu ni ndogo. Usitundike bango kwenye ukuta wa nje wa nyumba, hasa ule unaopigwa na mvua. Ukuta wa ndani una unyevu mdogo. Kabati likae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, miguu yake isikanyage sakafu moja kwa moja, na ndani yake weka kipima unyevu. Lengo ni kati ya asilimia 30 na 50. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu vinasaidia, ila vifuko viwili kwa kabati zima ni sawa na hakuna, na vikishashiba unyevu havifanyi kazi tena mpaka vikaushwe. Karatasi itunzwe kwenye mifuko ya poliesta, isiyo na ile harufu ya mfuko mpya wa plastiki, kwa sababu harufu hiyo ni kemikali inayokula wino. Utepe wa filamu, kinyume na wanavyodhani wengi, usifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Unajipikia sumu yake mwenyewe. Uache upumue mahali pakavu na pa baridi. Na tafadhali usikubali mtu alaminishe bango lako. Nimeliandika hili kwa masikitiko kwa sababu ndilo kosa la upendo: mtu anataka kukilinda kitu, naye anakiua.

Atabaki anayesema kwamba haya yote ni usumbufu, filamu ziko kwenye simu. Nyingine ziko, na asubuhi moja hazipo, kwa sababu mkataba wa kampuni na mwenye haki umekwisha. Na simu haikuletei bango, wala kopo, wala ile tofauti ya jina iliyoonyesha jinsi filamu moja ilivyouzwa kwa nchi mbili. Jambo ambalo simu inalifanya vizuri ni kukuwezesha kuitazama filamu kabla hujainunua, na nashauri ifanyike hivyo kila mara. Anayenunua bango la filamu asiyoipenda amenunua karatasi. Usinunue pia kwa kutumaini kwamba itapanda bei. Filamu isiyogombaniwa inaweza kubaki bila kugombaniwa miaka mingine 60, na mtu aliyeweka humo ada ya mtoto atakuja kuichukia. Na kwa wenye loji na hoteli wanaopenda kuwaonyesha wageni filamu jioni: kumiliki diski hakukupi haki ya kuionyesha hadharani. Wasiliana na Bodi ya Filamu na wasimamizi wa hakimiliki kabla hujatandika shuka ukutani.

Lililobaki ni daftari, na kwa upande wangu hili lina uzito kuliko kabati. Kila kitu kinachoingia kiandikiwe ukurasa wake kwa Kiswahili: ni nini, kilitoka wapi, kilinunuliwa lini, kina kasoro gani, kinahusianaje na vingine. Warithi wetu hawatupi vitu kwa ubaya. Wanatupa wasichokielewa, na bango la Kiingereza lisilo na maelezo ni la kufungia maandazi. Ndani ya daftari hilo acha kurasa nyingi kwa ajili ya Hatari! peke yake, kisha fanya kazi ambayo Morgan angeianza siku ya kwanza. Chukua kompyuta mpakato, nenda Ngarenanyuki, Leguruki na King'ori, wasalimie wazee, keti nao, icheze filamu polepole na uwaombe wakutajie wanaowatambua: aliyeshika kamba, aliyesukuma gari, aliyesimama nyuma ya Krüger. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa ana zaidi ya 80. Andika jina, ukoo, kijiji, na dakika na sekunde anayoonekana.